Jibu Litakuja kwa Posta

Bibi alikuwa na nyumba mbili. Ya kwanza ni hii aliyoishi na mwanawe na mkwewe, yenye veranda mbele na cherehani ya mkwe juu ya veranda. Ya pili ilikuwa ndogo mno, hata paka asingeweza kujigeuza humo. Haikuwa na dirisha wala taa. Mgeni akija aliingizwa kwa mlango wa nyuma, hakupiga hodi, akalala kimya mpaka mwenye nyumba aje kumtoa kwa mlango wa mbele.

Nyumba hiyo aliwategea watu kama kitendawili miaka na miaka. Wengine walisema kaburi, wengine walisema mfuko wa shati, na fundi viatu wa pale kona alitoa jibu ambalo haliandikiki, bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Mkwewe alikuwa akimsihi, "Mama, hilo la kusema una nyumba ndogo, liseme humu ndani tu. Huko nje watu wana masikio yao."

Ilikuwa sanduku la posta.

Zamani sanduku lile lilijaa mpaka bahasha zikawa zinakunjana humo kama watu kitanda kimoja. Na bibi alikuwa na namna yake ya kupokea. Hakuifungua barua palepale kama mwenye njaa anavyoupapia mkate. Aliitia kifuani, akaja nayo nyumbani, akaiweka mezani chini ya kikombe. Kisha akaanza kazi. Atafagia, ataosha vyombo, atapanga kuni ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Kila akipita pale mezani anaiibia jicho, kama msichana anavyomwibia jicho mchumba mbele ya wazazi. Huu mwandiko wa nani? Mbona nene hivi, imebeba picha? Stempu hii ya ndege, mbona imebandikwa kichwa chini, aliyeibandika alikuwa na haraka au alikuwa analia? Akimaliza kazi ananawa mikono, anakaa, anachukua kisu. Alikuwa akisema nusu ya raha ya barua iko nje ya bahasha, na wanaorarua hupoteza nusu hiyo.

Simu aliiona haina adabu. Inakukuta chooni, inapiga kelele, na ukishasoma huna kitu cha kushika.

Lakini ndugu zake wote wakanunua simu. Sanduku likaanza kupungua wageni, mmoja mmoja, mpaka akabaki mgeni mwaminifu mmoja tu, ankara ya maji. Bibi akamkubali huyohuyo. Akawa anamtia kifuani, anamweka chini ya kikombe, anamfungua kwa kisu kana kwamba ameandikwa na dada yake. Kisha hata yeye akakoma, na aliyemkomesha ni mwanawe wa kumzaa mwenyewe, maana ndiye aliyekuwa mkuu wa ankara kwenye ofisi ya maji, na ndiye aliyekata kauli kwamba tangu sasa ankara zote ziende kwa simu na barua pepe.

"Umemuua mgeni wangu wa mwisho," bibi akamwambia.

"Nimempandisha cheo, mama. Sasa anaruka."

Jioni moja mwanzoni mwa mwezi, wakiwa mezani, yule mwana akafuta mdomo akasema, "Mama, mwezi huu ukiisha narudisha ufunguo wa posta."

Bibi akatua kijiko. "Umekukosea nini?"

"Hujapata barua tangu lini? Unavuka barabara kuu na malori yale kwenda kuangalia hewa."

"Hewa ya mle ndani ni safi."

"Sina utani."

"Najua huna. Ulikuwa nao ukiwa mdogo, sijui uliuacha ofisi gani."

Mkwe akainamia sahani kuficha kicheko. Mwana akaendelea, sauti ile ya mkuu wa ankara. Posta imekwisha, akasema. Posta ni konokono aliyevaa kofia. Barua pepe inafika kabla hujapiga chafya, na barua ya mkono inafika umeshasahau ulikuwa unagombana nini.

Bibi akaugusa ufunguo uliokuwa umening'inia shingoni kwa uzi. Ulikuwa mdogo, umesuguka mpaka unang'aa. Kwa mara ya kwanza jioni ile akaona kuwa mwanawe anasema kweli, na kwamba uzi ule unaweza kukatika. Wazo hilo hakulipenda hata kidogo.

"Ikija barua je?" akauliza.

"Barua gani?"

"Barua. Ya mkono, ina stempu, imetoka kwa mtu na si kwa kampuni."

Mwana akacheka. "Ikija, mama, sanduku ni lako mpaka uchoke mwenyewe. Lakini nakujua. Usijiandikie. Na usimwombe mtu yeyote akuandikie, hata kwa kukonyeza. Mwisho ni Ijumaa ile ya mwisho wa mwezi, posta ikifunga. Jumatatu yake ninarudisha ufunguo."

"Mimi shahidi," mkwe akasema. "Na wewe mume wangu usije ukageuza maneno."

"Nigeuze ya nini? Nimeshashinda."

"Nimekubali," bibi akasema, upesi kabisa, akaomba aongezewe mboga. Mtu mwenye akili timamu angeogopa hapo. Mkuu wa ankara akaenda kulala.

Asubuhi bibi akachana karatasi kwenye daftari la zamani, akakaa verandani karibu na cherehani, akaandika. Mkono wake ulikuwa mzito, herufi zake kubwa zimesimama wima kama wanafunzi mstarini. Aliandika maneno yaleyale kwenye kila karatasi:

"Namtuma asiye na miguu, kavaa shati lisilo na vifungo. Akifika huvuliwa shati kabla hajasalimiwa, na hapo ndipo anaanza kusema. Ni nani? Wako wanaodai mji mtu akishindwa. Mimi sina haja ya mji. Ila jibu la kitendawili hiki haliwezi kupanda simu, linaumwa kizunguzungu. Husafiri kwa posta, tena kwa aliyelifuata kwa posta."

Mkwe akasimamisha cherehani akasoma. "Mama, hapa si umewaomba?"

"Nimeomba wapi? Nionyeshe neno 'tafadhali'."

Mkwe akalitafuta, hakuliona. Akalitafuta na jibu la kitendawili, hilo nalo hakuliona. "Ni hindi?"

"Shona nguo za watu."

Posta palikuwa kimya. Karani, ambaye bibi alimwita Muhuri kwa jinsi alivyopenda kugonga, alikuwa amelala usingizi wa macho wazi nyuma ya kioo.

"Shikamoo bibi. Umekuja kuangalia?"

"Nimekuja kununua stempu."

Muhuri akajinyoosha. Akavuta droo, akaifunga, akavuta nyingine. "Stempu," akasema, kama mtu aliyeulizwa habari za mwanafunzi mwenzake wa zamani. Akazipata chini ya kamba na mishumaa. Akazipokea bahasha moja moja, akizisoma anwani kwa sauti: ya wifi yake bibi, mbali kule, ya shemeji, mbali zaidi, ya jirani wa zamani aliyehamia kwa bintiye. Kila moja akaigonga muhuri kwa nguvu za mtu aliyekosa kazi muda mrefu.

Akafika ya mwisho. "Hii ya ofisi ya maji? Hii haisafiri, bibi. Sanduku lao liko humuhumu kwetu, inavuka ukuta tu. Ukitumbukiza asubuhi, mchana iko ndani."

"Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani," bibi akasema, akaisukuma.

Siku chache zikapita, simu ya bibi ikaanza kulia. Wa kwanza ni wifi yake.

"Wewe mwanamke, umeniletea maradhi. Silali. Ni hindi?"

"Habari za huko, wifi?"

"Habari mbaya. Ni hindi au si hindi?"

"Hindi ulishawahi kulisikia likisema?"

"Basi ni nini?"

"Wifi, karatasi umeisoma mpaka mwisho?"

"Nimeisoma. Ndugu yangu alioa mchawi," wifi akasema, akakata simu. Baadaye kidogo akapiga tena kuuliza kama stempu bado zinauzwa.

Shemeji alisema ni mtoto mchanga, kwa kuwa hana miguu ya kutembelea na huvuliwa nguo hospitalini ndipo anapiga kelele. Bibi akamsifu kwa kufikiri, akamwambia siye. Jirani wa zamani hakupiga simu kabisa, akamtuma bintiye aseme kwamba mama amenuna na anatafuta kalamu.

Lakini bibi alijua kuhesabu umbali. Wale wote walikuwa mbali. Hata wakiandika leo, konokono mwenye kofia atakuwa bado yuko njiani Ijumaa ya mwisho. Ndiyo maana roho yake yote ilikuwa kwenye bahasha ile iliyovuka ukuta.

Hiyo ilikuwa imefika siku ileile ya stempu, na jioni yake mwana alirudi kutoka kazini akiwa na uso wa mtu aliyekanyaga kitu asichokijua. Akaitoa bahasha mfukoni, akaiweka mezani.

"Mama, hii nini?"

"Bahasha."

"Naona ni bahasha. Umeniletea ofisini. Mapokezi wameipitisha meza kwa meza kama mtoto wa kifalme, kila mtu anataka kuishika. Mhasibu ameinusa."

"Ina harufu gani?"

"Mama."

"Abee."

"Jibu ni nini?"

Bibi akageukia mkwe. "Hivi kesho ndiyo siku ya soko?"

Mwana akacheka, akasema halimsumbui, ana kazi za maana. Akala. Katikati ya kula akasema, "Si kitunguu. Kitunguu kina mashati mengi." Bibi akamwongezea mboga. Wakati wa kuondoa vyombo akasema, "Redio ukiivua kifuniko?" Bibi akaimba wimbo wa kuoshea vyombo. Kesho yake alfajiri, mswaki mdomoni, akachungulia jikoni akasema neno ambalo kwa sababu ya povu halikueleweka, lakini nalo halikuwa jibu.

Wiki ikaisha hivyo, na nyingine. Ofisi ya maji ikagawanyika. Dereva na walinzi walisimama na ndizi. Mhasibu alishikilia ni maiti, akaulizwa maiti anasema nini, akasema kwenye wosia, wakamwambia anyamaze. Mkwe ndiye aliyekuwa akizileta habari hizi, maana mumewe alimsimulia kitandani alichokuwa hawezi kumsimulia mamake.

"Anaota, mama. Jana kaamka kashika mto, anaunyofoa foronya."

"Masikini mwanangu," bibi akasema kwa furaha.

Siku mbili kabla ya Ijumaa ile, mwana akashindwa kujikaza. "Mama, tunaishi nyumba moja. Tunakula sufuria moja. Niambie."

"Jibu lina njia yake. Nilishaandika."

"Unataka niandike barua, nipoteze sharti."

"Mimi nimekwambia uandike? Shahidi, nimemwambia?"

"Hajakwambia," shahidi akasema.

Mwana akamtazama mamake, akatabasamu, tabasamu jembamba, na bibi alilijua tabasamu lile tangu mwenye nalo hajaota meno. Lilikuwa la mtu aliyepata ujanja. Usiku ule bibi hakupata usingizi mzuri. Alipapasa ufunguo shingoni, akawaza kwamba huenda safari hii amejitega mwenyewe.

Ijumaa asubuhi alikwenda posta mapema. Akafungua nyumba yake ndogo. Hewa. Akaingiza na mkono, akapapasa mpaka nyuma, maana bahasha nyembamba hupenda kujiegemeza. Hewa tupu.

Akaenda kukaa kwenye benchi nyuma ya nguzo, mwavuli mapajani. Alijiambia anapumzisha magoti. Ukweli ni kwamba hakutaka kurudi nyumbani na siku ikiwa bado mbichi hivyo.

Ndipo akamwona mwanawe anaingia, amevaa miwani ya jua, na ndani ya posta hakuna jua. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaenda dirishani kununua stempu. Bibi akaufungua mwavuli kidogo, akajificha nyuma yake, akachungulia pembeni.

Sasa ujanja wake ulikuwa huu, na bibi aliuelewa palepale. Mwana aliamini posta ni konokono. Akitumbukiza Ijumaa, barua itafika wiki ijayo, sharti litakuwa limekwisha, na jibu atakuwa amelifuata kwa posta kama ilivyoandikwa. Atapata jibu na ufunguo, vyote viwili. Hakumuuliza Muhuri lolote. Wala bibi hakumlaumu, maana yeye mwenyewe alikuwa ameuziba mdomo wake kwa kiganja asije akacheka.

Mwana akailamba bahasha, akaibandika. Akaigeuza. Akabandika stempu. Akaitumbukiza kwenye tundu la ukutani, na vidole vilipoiachia, akaganda.

Bibi aliliona jibu likimfikia. Lilianzia mabegani, likapanda shingoni. Akaitoa miwani. Akatazama lile tundu, akatazama vidole vyake vilivyokuwa vimebaki na gundi, akasema polepole, "Shati lisilo na vifungo." Kisha mkuu wa ankara wa ofisi ya maji akauingiza mkono wake ndani ya tundu mpaka kwenye saa.

"Bosi," Muhuri akasema nyuma ya kioo, "toa mkono."

"Nimekosea. Naitaka ile barua, sihitaji tena jibu."

"Ikishatumbukia si yako tena. Ni ya aliyeandikiwa."

"Mimi ndiye niliyeandika."

"Ndiyo, na umefanya vizuri. Toa mkono, saa itakatika."

Akautoa. Akasimama kidogo akijikuna kidevu, kisha akainua mabega, akajisemea, "Si neno, ni wiki ijayo hiyo," akavaa miwani, akatoka nje akipiga mluzi.

Bibi akasubiri. Muhuri akalifungua sanduku la ukutani, akakusanya kilichokuwemo, ambacho hakikuwa kingi, akapotea nyuma ya ukuta wa masanduku. Bibi akasogea karibu na mlango wa nyumba yake ndogo. Kwa ndani akasikia nyayo, akasikia kikohozi, na mwisho akausikia ule mlio aliokuwa ameukosa muda wote huo, mkwaruzo mdogo wa karatasi ikitua juu ya bati. Alihesabu pumzi zake mpaka zikatulia ndipo akatia ufunguo.

Hakuifungua. Aliitia kifuani.

Jioni mwana aliingia nyumbani akisugua viganja. "Posta imefungwa, mama. Shahidi, posta imefungwa?"

"Imefungwa," mkwe akasema bila kuinua macho kwenye sindano.

"Basi, mama, bila kununa, nipe ufunguo."

"Keti kwanza. Unywe chai."

Akaketi. Mbele yake palikuwa na kikombe, na chini ya kikombe palikuwa na bahasha, na juu ya bahasha palikuwa na mwandiko wake mwenyewe. Akaigusa stempu kwa ncha ya kidole kama mtu anayegusa pasi kujua kama ina moto.

"Imefikaje?"

"Kwa miguu isiyo nayo," bibi akasema. "Ilivuka ukuta. Konokono wako leo kakimbia."

Mkwe alicheka mpaka akajichoma sindano. Mwana akashika tama.

"Basi ifungue tuyamalize."

"Bado sijafagia."

Akafagia. Akaosha vyombo. Akapanga kuni. Mwana anazunguka mezani, anakaa, anasimama, anaomba mama asome akiwa peke yake, au asisome kabisa, au ampe aisome yeye kwa sababu ana mwandiko mbaya. Bibi akanawa mikono, akakaa, akachukua kisu. Akasoma kwa sauti:

"Mama, shikamoo. Nimeshindwa. Mhasibu ameshindwa, dereva ameshindwa. Mkurugenzi alisimamisha kikao akatuambia ni kitunguu, tukampigia makofi kwa kuwa ni mkurugenzi. Naomba jibu. Barua hii nitaikuta sandukuni Jumatatu nikienda kurudisha ufunguo, nitakuletea mwenyewe, kwa hiyo usinune. Si hewa ya sanduku inayonisumbua. Ni ile barabara. Kila ukitoka nasikia malori mpaka ofisini. Kwa mdomo siwezi kukwambia, utanitega kitu tukaishia kucheka. Na jingine. Tangu nimekuwa mkuu, kila anayeniuliza kitu anataka nitie sahihi. Wiki hizi nimelala nikikuna kichwa, kama zamani nilipokuwa nalala miguuni pako nikitafuta jibu. Nilikuwa nimesahau. Ni mimi mwanao, mkuu wa ankara."

Bibi akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa, akairudisha kwenye bahasha. Kisha akaitoa tena, akaisoma kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Miaka yote hii," akasema mwishowe, "unaishi chumba cha pili, nami sikuwa na habari zako."

Mwana alikuwa akiangalia dari. "Barabara tutavuka wote, mama. Kila Ijumaa asubuhi, kabla sijaingia kazini."

"Utanishika mkono. Ufunguo nashika mimi."

"Na jibu nimeshalijua. Sihitaji tena."

"Kujua si kuletewa. Uliandika, litakuja."

Ijumaa iliyofuata wakavuka, yeye akiwasimamisha madereva wa malori kwa mkono ulioinuliwa kama askari. Nyumba ndogo ilikuwa imejaa wageni. Barua ya wifi, nene, yenye matusi mpaka juu ya bahasha. Ya shemeji. Ya jirani, iliyoandikwa kwa penseli, maana kalamu inaonekana haikupatikana. Na chini ya zote ilikuwepo moja yenye herufi kubwa zilizosimama wima, na jina la mwana. Bibi alikuwa ameitumbukiza huku karibu tu, lakini kwa makusudi aliiandikia sanduku lake mwenyewe na si la ofisi, apate kuona uso wa mpokeaji.

Mwana akaipokea. Akaipima uzito, akasema, "Mbona nene? Jibu ni neno moja tu hili." Kidole gumba kikaingia chini ya pindo la bahasha, tayari kurarua.

Bibi akamchapa mkono.

"Chini ya kikombe," akasema.

Siku ile, waliopita mbele ya mlango wa mkuu wa ankara walimwona akipanga mafaili ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. Mezani palikuwa na kikombe cha chai, kimepoa, hakijaguswa, na kila mara aliinua jicho akakitazama kwa pembeni. Mhasibu alisimama mlangoni akauliza kulikoni.

"Nenda kafanye kazi," mkuu akamwambia. "Bado sijafagia."